Nimeacha bia miezi 8, mbona hiyo pesa siioni? (Moshi)

#1 MtotoWaPasua
Wakuu, habari za jioni.

Nisiwachoshe. Mwezi wa tatu nilipimwa presha wakakuta 168/104. Daktari akahamia mkono wa pili, akapima tena, akanyamaza, kisha akaniuliza nina watoto wangapi. Swali lile lilinitoa jasho kuliko zile namba. Tangu siku hiyo sijagusa bia, na sasa nakimbia asubuhi mara nne kwa wiki.

Kinacholeta uzi huu ni hesabu. Nilikuwa nakunywa bia nne, Alhamisi mpaka Jumapili, bia 2,000. Kwa wiki 32,000. Kwa mwezi 128,000. Miezi minane 1,024,000. Milioni moja na chenji. Sasa ase, hiyo milioni iko wapi? Kwenye simu nina 46,500 na juzi nimekopa mafuta ya pikipiki. Mimi ni fundi umeme wa majumbani, sina mshahara, lakini kazi sijaacha hata siku moja.

Nimemuuliza mke wangu. Akasema "pesa gani?" akaendelea kumenya ndizi.

Mwenye kujua pesa ya mtu aliyeacha pombe inakokwenda, anisaidie.

#2 Chalii wa Ngarenaro
Nimekaa mbele. Mwenye kahawa na kashata apite huku.

#3 MhasibuKijenge
Hesabu yako ina makosa, mkuu. Mwezi hauna wiki nne kamili. Miezi minane ni wiki 35 hivi, kwa hiyo ni 1,120,000. Halafu umehesabu bia kavu. Nyama hukuwa unakula? Ndizi za kuchoma? Boda ya kukurudisha Pasua saa sita usiku? Na ile raundi ya "wape na wale pale kona"? Weka vyote, unaikaribia milioni mbili.

#4 MtotoWaPasua
Nimekuja na ugonjwa mmoja, umenipa wa pili.

#5 Kiatu Namba 42
Mwanaume akikwambia alikuwa anakunywa nne, andika saba.

#6 Mangi Mdogo
Hiyo milioni haikuwahi kuwepo. Mimi nimekunywa miaka 15 hapa mjini, najua. Mlevi hanywi pesa yake peke yake. Leo unanunua wewe, kesho ananunua yule mwenye hiace, keshokutwa anapita mtu ameuza kiwanja anafungua kreti. Siku nyingine unaandikwa kwenye daftari la kaunta. Ukijumlisha vizuri, mfukoni mwako ilitoka labda nusu. Sasa umeacha unaenda kudai milioni nzima, wakati nyingine ilikuwa ya wenzako!

#7 Abuu Majengo
Assalaam alaykum wote. Mimi sijaonja pombe tangu nizaliwe, nina miaka 41. Na hela sina. Kabla hamjaitafuta ya huyu ndugu, naomba mniambie yangu ya miaka yote hiyo imekwenda wapi, maana kwa hesabu ya #3 nilitakiwa niwe na ghorofa.

#8 Chalii wa Ngarenaro
Abuu ameua uzi, tufunge turudi nyumbani.

#9 Shangazi wa Kiboriloni
Hamfungi kitu. Mwanangu #1, nikuulize kama mama. Hapo nyumbani watoto wanakunywa chai ya rangi au ya maziwa? Mwezi wa pili walikuwa wanakunywa nini? Gesi ikiisha siku hizi inakaa siku ngapi kabla haijajazwa? Mkeo kusema "pesa gani" siyo dharau. Kwake hiyo siyo pesa iliyopotea, ni sukari, ni sare ya shule, ni mafuta ya kula kuacha kupimwa kwa kibaba. Pesa ya bia ilikuwa inaonekana kwa sababu ilikuwa inaisha mahali pamoja. Ya nyumbani inaisha vidogovidogo. Nenda jikoni ukaangalie kwenye makopo.

#10 MtotoWaPasua
Shangazi shikamoo. Nimeenda kweli. Maziwa yapo, na kopo la mchele limejaa. Lakini ase, mchele ndiyo milioni?

Nilifanya kitu kingine, nikaandika wiki nzima kwenye daftari la vipimo vya nyaya. Nawawekea lilivyo:

Jumatatu: supu na chapati mbili baada ya mbio 3,500. Maji makubwa 1,000. Vocha 1,000.
Jumanne: soda mbili kijiweni, maana ukikaa bila kushika chupa wanakuuliza kama unaumwa. 500 elfu ya fundi msaidizi.
Jumatano: supu tena 3,500. Parachichi 1,000. Mchango wa msiba wa jirani 5,000.
Alhamisi: kumbukumbu sina.
Ijumaa: hisa za kikoba 10,000, faini ya kuchelewa 1,000.
Jumamosi: kilomita 12, supu, chapati tatu, juisi ya miwa. 6,000. Mchango wa harusi ya mtoto wa bosi wa zamani, nimepunguza deni 20,000.
Jumapili: sadaka 2,000, mnada wa mavuno nimenunua mkungu wa ndizi 12,000 ambao ningeupata soko la Mbuyuni kwa nusu ya hapo.

#11 MhasibuKijenge
"500 elfu ya fundi msaidizi"??? Laki tano?

#12 MtotoWaPasua
Samahani, ni soda 500 halafu elfu moja ya msaidizi. Nilikuwa naandika huku napanda ngazi.

#13 MhasibuKijenge
Soda mbili kwa 500? Hiyo bei ya mwaka gani? Daftari lako halifai ushahidi. Na Alhamisi, siku uliyokuwa unafungulia bia, ndiyo huna kumbukumbu. Wakuu, mimi naishia hapo kwenye Alhamisi.

#14 Muuguzi Mstaafu
Mwanangu, mimi sijali Alhamisi. Nimekaa wodini zaidi ya miaka 30. Nina maswali mawili. La kwanza, presha yako sasa ni ngapi, na unameza vidonge au umeacha? La pili, supu mara tatu kwa wiki, chumvi yake nani anaipima? Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidi gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani pungufu ya kijiko cha chai, kwa vyakula vyote. Bakuli moja la supu ya kijiweni, na ile chumvi unayonyunyiza juu kabla hujaonja, linaweza kula sehemu kubwa ya hiyo. Na soda nayo ni sukari tupu. Umefunga mlango wa mbele ukaacha wa uani wazi.

#15 MtotoWaPasua
Shikamoo mama. Mara ya mwisho ilikuwa 138/88. Vidonge nilikuwa nameza, mwezi uliopita vikaisha, nikaona namba nzuri nikasema nimepona.

#16 Muuguzi Mstaafu
Marahaba. Hujapona. Namba ni nzuri kwa sababu ulikuwa unameza. Wengi presha haiwaumi popote, kichwa hakigongi, macho hayaoni giza, mtu anaacha dawa kwa sababu anajisikia mzima, halafu analetwa mdomo umekwenda upande. Kesho asubuhi usiende kwenye mbio, nenda kliniki. Watakaoamua kupunguza dawa ni wao, siyo wewe na mashine ya presha ya duka la dawa.

#17 MtotoWaPasua
Nimeelewa mama. Kesho naenda.

#18 Kiatu Namba 42
Tukirudi kwenye mbio: #1 unajiandaa na Kilimanjaro Marathon, zile za mwezi wa pili pale Chuo cha Ushirika? Maana umekimbia bia kwenda kwenye mbio za kilomita 42 ambazo miaka na miaka zilibeba jina la bia. Ulipoikimbia ndipo ilipokusubiri mwisho wa safari.

#19 MtotoWaPasua
Hahaha. Nataka 21. Ile ya kupanda Mweka.

#20 Kiatu Namba 42
Kupanda Mweka hakuui mtu, kushuka ndiko. Watu wanapanda wanapunga mikono, wakishuka magoti yanaanza kuongea. Mimi mwaka nilioikimbia nilikuwa na mtumba, nilichagua mwenyewe asubuhi na mapema kabla ya jua, kumbe kushoto 42 kulia 43. Nimegundua kilomita ya 14. Jina langu hapa lilitoka huko, na la mguu mwingine sijapata.

#21 Chalii wa Ngarenaro
Wakimbiaji wetu wa zamani walikimbia hata na kiatu kibovu. Akhwari pale Munich 1972 alianguka akafungwa bendeji akashinda.

#22 Mwalimu wa Jiografia
Chalii, sentensi moja makosa mawili. Ilikuwa Olimpiki ya Mexico City, 1968. Na hakushinda. John Stephen Akhwari alimaliza wa mwisho kati ya waliomaliza, zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, goti limefungwa. Aliyeshinda ni Mtanzania mwenzetu Alphonce Simbu, Tokyo, Septemba 2025, marathoni ya ubingwa wa dunia, kwa tofauti ya sekunde 0.03 na Mjerumani Amanal Petros. Baada ya kilomita 42 wanatofautiana kupepesa jicho.

#23 Chalii wa Ngarenaro
Asante mwalimu. Nilikuwa na roho ya kushinda.

#24 Dalali wa Njiro
Mmepotea mbio ndefu, mnarudi lini? Mimi nawapa jibu ambalo hakuna aliyeligusa. #1 ni fundi. Fundi hana bango wala ofisi. Ofisi yake ilikuwa ile meza. Mwenye nyumba anayemalizia jengo anakaa wapi Ijumaa jioni? Msimamizi wa ujenzi anakaa wapi? Mimi viwanja vitano kati ya vitano vya mwisho nimeviuza nikiwa nimeshika glasi, hata kama ndani kuna maji. Ndugu yetu hajapoteza pesa ya bia. Amepoteza kazi zilizokuwa zinakuja na bia. Fungua simu yako uhesabu kazi za Januari hadi Machi, halafu za Agosti hadi Oktoba. Urudi hapa useme ukweli.

#25 Mangi Mdogo
Hapa Dalali ameongea kama mtu mzima.

#26 MtotoWaPasua
Nimehesabu. Mikono inatetemeka siyo kwa pombe. Januari hadi Machi kazi 14, tisa zilitoka kwa watu wa kijiweni. Agosti hadi Oktoba kazi tisa, mbili tu za kijiweni, saba za watu wa jumuiya na wa mbio.

#27 Dalali wa Njiro
Kesi imekwisha. Lipeni ada ya wakili.

#28 Shangazi wa Kiboriloni
Haijaisha. Zile tisa za kijiweni, walikulipa lini, na walikulipa zote?

#29 MtotoWaPasua
Shangazi... Tatu sijalipwa mpaka leo. Moja nililipwa kwa kreti.

#30 Shangazi wa Kiboriloni
Eeh.

#31 Dalali wa Njiro
Shangazi, nakuheshimu, lakini biashara ni mzunguko. Deni nalo ni kamba, siku moja unaivuta.

#32 Mama Ahadi
Bwana asifiwe. Mimi nawashangaa mnavyozunguka. Kaka ameandika sadaka 2,000 kwa wiki. Bahasha ya ahadi iko wapi? Fungu la kumi liko wapi? Mlaji anaingia kwenye pesa ambayo haijatolewa malimbuko. Alikuwa anampelekea shetani 32,000 kwa wiki bila kulalamika, Mungu anampa elfu mbili halafu anafungua uzi.

#33 Mangi Mdogo
Mama, mbona hapo kuna mkungu wa ndizi wa mnada? Alilipa mara mbili ya bei ya soko. Hiyo siyo sadaka?

#34 Mama Ahadi
Mnada ni mnada. Ameondoka na ndizi.

#35 Kiatu Namba 42
Abuu, na nyie mnatoa asilimia kumi?

#36 Abuu Majengo
Hapana. Zaka yetu ni asilimia 2.5, na haitoki kwenye kila shilingi unayoshika. Inatoka kwenye mali iliyofika kiwango, nisabu, ambacho wengi hukipima kwa gramu 85 za dhahabu, na ikakaa kwako mwaka mzima. Kwa 46,500 ya ndugu yetu, yeye hatozwi, yeye ni wa kupewa.

#37 MtotoWaPasua
Abuu nakuja Majengo jioni.

#38 Abuu Majengo
Karibu. Njoo na lile daftari, tuanzie Alhamisi.

#39 Mzee wa Kibosho
Vijana hamjambo. Mimi nilikuwa nasoma tu, mjukuu ndiye ananiandikia. Kosa la huyu kijana ni kuacha kinywaji chenye kreti akafikiri vinywaji vyote ni kimoja. Sisi mbege, pombe yetu ya ndizi, ilikuwa haina hesabu ya milioni. Ndizi za shambani zinaiva, mama anazichemsha kutwa nzima mpaka zinakuwa nyekundu, zinakaa siku, halafu unakuja mso, uji wa ulezi ulioota ukasagwa, na gome la msesewe la kutia uchungu. Kata moja inazunguka watu wanane. Huwezi kulewa haraka, maana unaisubiri zamu yako huku unasikiliza kesi ya mpaka wa shamba la mtu.

Halafu nikuambie jambo. Ulipokuwa unakunywa, pesa yako ilikuwa na mwisho. Ikiisha Jumapili, imeisha, kila mtu anajua, hata wa kukukopa hakufuati. Sasa haina mwisho unaojulikana. Kila siku unaonekana unayo kidogo, na kila siku anakuja mwenye shida ndogo. Elfu tano, elfu tatu. Humnyimi, maana huna cha kusingizia.

#40 Mtu wa Dawa
Mzee shikamoo. Nimefanya kazi famasi, naomba niongeze kuhusu msesewe. Ni Rauvolfia caffra. Ndugu yake wa India, Rauvolfia serpentina, ndiyo iliyotoa reserpine, dawa ya presha ya zamani. Naona kesho mtu atakuja kusema mbege inatibu presha. Haitibu. Gome linalotiwa kwenye pipa halina kipimo, na kilevi chenyewe kinapandisha presha. Nimewahi kusema.

#41 Chalii wa Ngarenaro
Umechelewa, nimeshaituma kwenye grupu la ukoo kama tiba.

#42 Muuguzi Mstaafu
Chalii ifute.

#43 Katibu wa Kamati
Mimi nakubaliana na Mzee, na ninao ushahidi. Nimekuwa katibu wa kamati za harusi tano. Tukikaa kupanga nani apangiwe kiasi gani, jina la mlevi likitajwa watu wanacheka, anaandikiwa 20,000 na hakuna anayemfuata. Likitajwa la mtu aliyeacha pombe, mtu anasema "huyu siku hizi ametulia, anayo." Anaandikiwa 100,000, kadi ya watu wawili. Na anapewa uweka hazina juu. #1, tangu mwezi wa tatu umewekwa kwenye kamati ngapi?

#44 MtotoWaPasua
Nne. Mbili ni mweka hazina. Na kipaimara cha mtoto wa shemeji, mimi ndiye msimamizi.

#45 Katibu wa Kamati
Pole sana. Hiyo ndiyo milioni yako.

#46 MhasibuKijenge
Nne kwa laki ni 400,000 tu. Bado kuna 720,000 haina maelezo. Ukitoa supu labda 350,000. Bado. Na uweka hazina nao una maswali yake, lakini leo nakaa kimya.

#47 Mangi Mdogo
#1, tuongee kiume. Alhamisi jioni kuna mechi za Ulaya. Unabeti?

#48 MtotoWaPasua
Mkeka mmojammoja. Miatano. Elfu.

#49 Kiatu Namba 42
HAAA!

#50 MhasibuKijenge
Nilisema Alhamisi.

#51 MtotoWaPasua
Jamani siyo hivyo. Ni elfu moja, mbili ikizidi. Na mwezi wa saba nilishinda 85,000 nikanunua raba.

#52 Chalii wa Ngarenaro
Kila mcheza mikeka anakumbuka siku aliyoshinda kwa tarehe, zilizobaki anaziita "kumbukumbu sina".

#53 Shangazi wa Kiboriloni
Mwacheni. Elfu mbili kwa wiki 35 ni sabini elfu, haifiki milioni. Kama anasema kweli.

#54 Dalali wa Njiro
Mimi bado nasema ni kazi zilizopungua. Mtu amepoteza kazi tano ndani ya miezi mitatu mnahesabu chapati.

#55 Mama Ahadi
Na mimi nasema bahasha.

#56 Mangi Mdogo
Na haikuwepo tangu mwanzo.

#57 MtotoWaPasua
Wakuu, nimesoma zote mpaka mwisho, aika mbe, yaani asanteni. Jana usiku nilimsomea mke wangu ile ya Shangazi, namba 9. Akacheka, akaingia chumbani akatoka na kopo la maziwa ya unga, la zamani, limefungwa kwa mpira wa ndala. Sikuruhusiwa kufungua. Amelitikisa tu hivi, akarudisha. Lilikuwa halilii kama sarafu.

#58 MhasibuKijenge
Noti hazilii. Uliza uzito.

#59 Chalii wa Ngarenaro
Mkuu usiulize chochote. Desemba ndugu wa Dar wanapanda, wakisikia habari za kopo litaisha kabla ya mbuzi kuchinjwa.

#60 Mangi Mdogo
Kopo tupu nalo halilii.

#61 Muuguzi Mstaafu
Kliniki umekwenda?

#62 MtotoWaPasua
Nimekwenda mama. 152/96. Nimerudishiwa vidonge, nimeambiwa nitembee kwanza wiki mbili, nisikimbie. Na supu iwe Jumamosi tu.

#63 Muuguzi Mstaafu
Vizuri. Vibandike karibu na mswaki.

#64 Kiatu Namba 42
Kwa hiyo hizo raba za mkeka zimekaa bure wiki mbili? Namba ngapi? Mimi natafuta mguu wa kulia tu, 42. Jumamosi nipo msitu wa Rau, pale kwenye ule mvule mkubwa, saa 12 asubuhi.